Njia Panda ya Toroli

“Shangazi, eti ni kweli ulimwona baba anapotea ukanyamaza?”

Ujumbe wa sauti, asubuhi mapema, chai yangu haijapoa. Nyuma ya sauti ya mtoto huyo wa mdogo wangu nilimsikia bibi yake akikohoa, nikajua hadithi imetokea wapi na imesimuliwa kwa upande gani. Nilimjibu, “Kweli,” nikamwahidi kumweleza yaliyobaki. Haya ndiyo yaliyobaki.

Ni zile mbio za baiskeli kwa ramani za kule Pongwe, Tanga, kwenye mashamba ya mkonge. Ilikuwa Juni, masika yameshakatika lakini mabondeni tope halijakauka. Mwalimu wetu wa Jiografia, ambaye wakati huo alikuwa amestaafu, ndiye aliyetuletea mchezo ule. Aliuona akiwa masomoni Uswidi, na tangu arudi hakuacha kuusemea. Alitueleza kwamba ulianzia kwa wanajeshi wa nchi za Skandinavia mwishoni mwa karne ya 19, watu wakikimbia msituni na ramani na dira. Kwamba shirikisho lake la kimataifa liliundwa Copenhagen mwaka 1961. Na kwamba baiskeli ziliingia baadaye sana, hata mashindano ya kwanza ya dunia ya baiskeli za milimani kwa ramani yakaja kufanyika Fontainebleau, Ufaransa, mwaka 2002. Akifika hapo husema, “Na mji wa baiskeli ni huu wetu.” Nani Tanga hakupelekwa shule juu ya karia?

Kwa ambao hamjauona: mchezaji hapewi ramani mpaka wakati wa kuondoka. Juu yake pana pembetatu, huo ndio mwanzo. Pana viduara vyenye namba, ndivyo vituo. Na pana duara mbili, moja ndani ya nyingine, ndio mwisho. Vituo unavipita kwa kufuata namba zake, lakini kati ya kituo na kituo hakuna mshale wala mtu wa kukuonyesha. Unachagua mwenyewe. Waweza kushika njia ndefu iliyochorwa kwa mstari mzima, maana yake baiskeli itakwenda kwa kasi. Waweza kushika ya mkato, iliyochorwa kwa vistari vilivyokatikakatika, na kadiri vinavyokatika ndivyo njia inavyozidi ubaya, mpaka vinabaki vinukta, na hapo utashuka usukume. Kukatiza katikati ya vitalu marufuku. Na baiskeli haiachwi nyuma: hata ukiibeba begani, mtafika wote wawili.

Kule Ulaya wachezaji hubeba kifaa kidogo cha elektroniki kinachoandika chenyewe kwamba umefika kituoni, saa ngapi na sekunde ngapi. Sisi tulikuwa na penseli za rangi, kila kituo na rangi yake, zimefungwa kwa kamba ya katani. Ukifika unachora alama kwenye kadi yako, unaondoka. Ilitosha.

Ramani aliitengeneza Mwalimu mwenyewe. Alichukua ile karatasi ya 1:50,000 tuliyofundishiwa darasani, ambayo sentimita moja ni nusu kilomita, akaikuza ikafika 1:20,000, sentimita moja ikawa mita 200. Kisha akaizungukia kwa miguu, wiki baada ya wiki, akiongeza kila kijia cha wakata mkonge na kila kalvati. Mtu ambaye hajaingia shamba la mkonge atadhani ni kazi ndogo. Shamba la mkonge unapotea mchana kweupe. Kitalu kinafanana na kitalu, barabara inakatana na barabara kwa pembe ile ile, na mlingoti uliochanua, ule mti mrefu wa ua la mkonge, huwezi kuufanya alama kwa sababu milingoti ipo mia. Mwaka 1893, Richard Hindorf alipouleta mmea huu kwenye pwani yetu, miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Nililiwaza hilo kila nilipozitazama zile safu zikikimbia mpaka zinagusa mbingu: miche 62, na leo mdogo wangu hatoki humu bila karatasi mkononi.

Maandalizi mnayajua, nyumba nzima ilikuwa mbio. Baiskeli ya mdogo wangu ilikuwa ya mtumba, yenye gia, na breki ya nyuma niliilipia mimi. Ubao wa ramani, ule unaokaa juu ya usukani na kuzunguka ili ramani igeuke na wewe unapogeuka, ulichongwa na seremala wa Ngamiani kwa kipande cha plaiwudi na bolti moja. Usiku tulikaa mezani, mimi namtajia, “Toka hapa ufike hapa, unapita wapi?” naye anajibu kabla sijahesabu tano. Alikuwa mwepesi. Nasema hivi nikiwa dada yake na nasema hivi nikiwa mtu aliyewaona wengine: kijana yule ramani ilimkaa kichwani. Udhaifu wake ulikuwa mmoja, alipenda mkato.

Siku yenyewe mimi na mama tulipewa kituo cha maji. Kilikuwa njia panda, pale reli ya toroli, ile ndogo ya kubebea mkonge, inapokatiza barabara ya shamba, chini ya mwembe. Njia nne. Pamoja nasi alikuwapo kijana mmoja wa kambini aliyetusaidia kubeba madumu. Mwalimu alituandama na masharti tangu tunashuka kwenye gari mpaka tunatandika mkeka. Jina lake mwiteni. Maji mpeni. Pigeni makofi mpaka viganja viwake moto. Lakini njia msimwambie, nani kapita msimwambie, kidole kisinyooshwe. Akipata pancha atajiziba mwenyewe kwa alichobeba.

“Na akianguka?” mama akauliza.

“Akianguka, mama, mbio zimekwisha. Huyo ni mwanao, mkimbilie. Hata mchezaji mwenzake lazima asimame.”

Mama akaridhika na hilo. Sidhani kama yale mengine aliyasikia.

Wachezaji wakaanza kupita. Wengi walitazama ramani, wakageuka kushoto, wakaifuata reli kwa ule mzunguko mrefu wa nyuma ya korona, kiwanda cha kuchakata mkonge. Mmoja akaenda kulia, mteremkoni. Tulimsahau. Baada ya muda mrefu tukamwona akipanda tena kilima kwa miguu, tope limemfika magotini, mnyororo umejaa nyasi, anaisukuma baiskeli akiwa hana hata pumzi ya kuomba maji. Akageuka kushoto, akaenda zake. Kwa hiyo tulijua. Mama, ambaye ramani hajapata kuishika maishani, alijua sawasawa na mimi kwamba chini kule hakupitiki.

Ndipo akatokea yeye.

Nilimtambua kwa kofia, ile helmeti nyekundu ya kuazima. Alikuja akiwa amesimama juu ya pedeli, na mama akaanza kupiga kigelegele kabla sijamwona vizuri uso. Akafunga breki mbele yetu. Nikampa kikombe, akanywa nusu, nusu akajimwagia shingoni. Akarudisha kikombe bila kunitazama, macho yameshashuka kwenye ubao. Akauzungusha. Jasho lilikuwa likimdondoka juu ya plastiki ya ramani, akalifuta kwa kiganja, likadondoka tena. Kidole gumba kimekaa kwenye kituo alichotoka, cha shahada kikawa kinatafuta kinachofuata. Kutoka niliposimama ramani niliiona juu chini, lakini niliisoma. Kile kiduara kilikuwa ng’ambo ya bonde. Kushoto, mstari mzima, mrefu, unazunguka. Kulia, vistari, kisha vinukta vichache mno, kisha duara. Kwa mtu anayependa mkato, ilikuwa inamwita.

Akainua kichwa, akanitazama.

Sikilizeni, huyu mtoto nimemlea mgongoni. Nilimpeleka chuo cha Kurani, nilimpeleka sokoni Makorora, mimi mbele yeye nyuma. Tukifika barabara kubwa alikuwa hatazami magari, ananitazama mimi, na nikipiga hatua naye anapiga. Alivyonitazama pale chini ya mwembe ni vile vile. Sidhani kama alitaka nimwambie. Nadhani macho yalikwenda yenyewe palipozoeleka.

Nilikuwa nimeshika jagi. Nikalitazama jagi. Lilikuwa la plastiki, la bluu, lina ufa mdogo karibu na mkono, na maji ndani yake yalikuwa yakitikisika kwa sababu mkono wangu ulikuwa ukitikisika. Niliogopa kwamba nikiinua macho tu, yatakwenda kushoto. Upepo wa kusi ulikuwa ukipita kwenye mkonge na kutoa ule mchakacho mkavu. Kijana wa kambini alikuwa ametazama juu mwembeni kama anayehesabu maembe, na Juni mwembe hauna kitu.

Mama akafungua mdomo. “Mwana...”

Nikamshika kifundo cha mkono, chini ya kanga, nikambana. Nilihisi bangili zake zikiniingia kiganjani. Hakumalizia. Hata hivyo mdogo wangu alisikia, maana alimgeukia mama, akasubiri. Tukawa watu watatu tuliozaliwa nyumba moja na kulala nyumba moja, tumesimama njia panda, na anayetaka kujua ni mmoja, na wanaojua ni wawili.

“Haya,” akasema.

Akageuza usukani kulia.

Nilisikia mnyororo, kisha kokoto chini ya tairi, kisha breki akianza kushuka, ile breki ya nyuma niliyoilipia. Kisha upepo peke yake. Mama akauchomoa mkono wake.

“Umemwona?”

“Nimemwona, mama.”

“Na umenyamaza.”

Hakunisemesha tena pale. Walipita wengine, akawapa maji, akawaita “baba” na “mwanangu” wote, hata wale wa Muheza asiowajua. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kwa kila mtu isipokuwa mimi.

Yaliyofuata ni mafupi. Hakurudi na njia ile. Alishuka mpaka chini, akakuta vile vinukta vya kwenye ramani vimekuwa maji matupu, akaibeba baiskeli begani akavuka nayo, mwiba wa mkonge ukamtoboa tairi upande wa pili, akaziba. Alipofika mwisho orodha ilikuwa imeshajaa majina ya wengine. Aliyeshinda ni binti wa Muheza aliyezunguka kushoto bila haraka. Mdogo wangu alikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu, amejaa tope mpaka masikioni, akafunua ramani na kumwonyesha mahali kijia kilipokufa. Mwalimu akatoa kalamu, akavifuta vile vinukta palepale, akamshukuru kwa kumpa mkono. Hilo mama huwa halisimulii.

Kisha akaja tulipokaa. Akala mihogo, akanywa dafu. Nilikuwa nikimfungua kamba za viatu kwa sababu vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi.

“Dada, ulijua?”

“Nilijua.”

Akatikisa kichwa, akaomba dafu jingine. Miaka yote hii hajaongeza neno juu ya hilo, nami sijamchokonoa. Labda alinishukuru, labda alinisamehe, na hayo mawili yanapishana sana. Najua kwamba kama ningeinua kidole, kadi yake isingekuwa na thamani, na kwa kijana aliyekesha usiku akijifunza kutoka hapa mpaka hapa, huo ungekuwa wizi. Lakini pia nayakumbuka macho yale. Nikiulizwa kama nilinyamaza kwa ajili yake au kwa ajili ya masharti ya Mwalimu, sina jibu ninaloweza kuliapia.

Kuna watu huniambia kumsaidia mchezaji ni kelele na tisheti. Hizo zina siku yake. Kwenye mpira unaweza kumpigia mtu kelele dakika tisini na ukamwambia apeleke kulia, na hakuna atakayekulaumu. Huyu wa ramani unamlipia breki, unamkesheshea, unampikia, halafu saa anayokuhitaji kuliko zote unampa maji na kumwachia njia yake. Sijapata kufanya jambo gumu kama lile kwa mtu ninayempenda.

Zilipokuja mbio nyingine, upande wa Ngomeni, nilidhani mama hatakwenda. Alikuwa ameshanuna vya kutosha, na kila mgeni aliyekuja nyumbani alisimuliwa habari ya njia panda ya toroli kuanzia kigelegele mpaka bangili. Jioni ya kuamkia siku hiyo nilimkuta jikoni anamenya mihogo, beseni zima. Nikauliza kama amebadili nia.

“Nitakuja,” akasema, bila kuinua kichwa. “Lakini mimi nitakaa mwisho, pale wanapofikia. Njia panda kaa nayo wewe.”