Siku moja maishani mwangu: mtunza nyumba ya mawe, Lamu

Saa kumi na mbili asubuhi. Nafungua mlango wa daka, ule ukumbi mdogo wa kuingilia, na kufagia baraza. Punda wenye mchanga wa ujenzi wameshaanza kupita. Nyumba imo mitaa ya ndani ya mji wa kale. Mwenyewe anakaa Mombasa, nasi tunaipangisha kwa wageni.

Saa mbili. Fundi wa chokaa amefika. Ukuta wa chini ulipigwa lipu ya saruji miaka ya nyuma, sasa inabanduka vipande vipande. Mawe haya ya matumbawe hunyonya unyevu na chumvi. Chokaa huuacha unyevu utoke, saruji huufungia ndani mpaka jiwe lenyewe linamung'unyika. Mzee anagonga ukuta kwa nyundo, ameinamisha sikio. Panapolia uwazi, hapo anabandua. Nikamuuliza kama upande wa nyuma tungeuacha na saruji yake.

"Saruji utaifurahia leo, mwanangu. Masika ikiingia, utaniita tena."

Saa nne. Navuka kwa boti hadi uwanja wa ndege, kisiwa cha Manda, kupokea mume na mke kutoka Nairobi. Wamepanga kulala kwangu usiku mmoja tu, kisha Shela, ufukweni, siku zote zilizobaki.

Saa sita. Nawaonyesha nyumba: msana wa tini na msana wa yuu, yaani kumbi mbili ndefu zinazofuatana, halafu ndani, chumba cha faragha. Vyumba ni virefu lakini vyembamba, upana karibu mita tatu, kwa kuwa boriti za mikoko zinazobeba dari hazifiki mbali zaidi ya hapo. Yule mke akasimama mbele ya zidaka, vile vishubaka vya lipu iliyochongwa ambamo wenyeji walipanga vyombo vya kaure kutoka China. Akapitisha kidole kwenye nakshi, hakusema neno kwa muda mrefu.

Saa tisa na nusu tunazunguka mji. Ngome ilikamilika 1821, ikawa gereza hadi 1984, leo ni makumbusho. UNESCO iliuorodhesha mji huu kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2001.

Hili nalisema kila ninapopata nafasi: mchanga mweupe hata Diani upo, Watamu upo. Kinachomfanya mtu apande ndege hadi Lamu ni mji wenye watu ndani yake, misikiti, vichochoro, milango ya nakshi. Hoteli za ufukweni zinakula matunda ya kuta hizi, na gharama ya chokaa inamwangukia mwenye nyumba peke yake. Si haki. Ndiyo maana wengi huishia kwenye saruji na mabati, au huuza kabisa.

Saa moja usiku. Wageni wanaomba kuongeza siku mbili. Nampigia mwenye nyumba papo hapo, namwambia habari ya wageni kwanza, ya chokaa baadaye. Amekubali ukuta wa chini wote. Wa nyuma, anasema, tuzungumze baada ya Maulidi.