Mapaja ya Kalinzi kwenye milima ya Basilicata

Mji wa Potenza, kusini mwa Italia, uko mita 819 juu ya usawa wa bahari. Maji ya ziwa letu, Tanganyika, pale Kibirizi mkoani Kigoma yako mita 773 hivi. Kwa hiyo mtu aliyezoea kutoka ziwani akapanda Mwandiga, akaipita Bitale, akaendelea mpaka Kalinzi, akifika Potenza mapafu yake hayashangai. Tofauti ni kwamba kule mji wenyewe ndio uko juu. Asubuhi unaanza kwa kushuka, na kila kilomita unayoshuka unajua jioni utailipa.

Basilicata, ambayo wenyeji wengi bado wanaiita Lucania, karibu yote ni milima na vilima. Tambarare ya maana ni ile ya Metaponto, kwenye pwani ya bahari ya Ionia. Mimi nilikwenda kusomea udongo, na mkoa ule nikaujua kwa baiskeli kuliko baadhi ya wenzangu waliozaliwa palepale. Kuendesha nilikuwa nimejifunza nyumbani Kalinzi, kwenye baiskeli ya baba ya kubebea kahawa, mguu mmoja nimeupenyeza chini ya bomba la fremu kwa sababu siti sikuifikia. Watoto wa Kigoma wanaijua staili hiyo.

Barabara za kule hazina magari, na ukitazama ramani unaona kwa nini. Mto Basento unaanzia kwenye milima iliyo karibu na Potenza na kumwaga maji Metaponto. Ndani ya bonde lake ilijengwa barabara kuu, SS 407 (SS ni alama ya barabara za taifa), pana na iliyonyooka. Malori, mabasi na kila mwenye haraka wako huko chini. Barabara ya zamani inapita juu, kwenye migongo ya vilima: Tricarico, Grassano, Grottole, Miglionico, kisha Matera. Namba yake ni SS 7 na imerithi jina la Appia, ile barabara ya Warumi iliyoanza kujengwa mwaka 312 kabla ya Kristo. Huko juu nilikuwa naweza kwenda saa nzima nikapishana na trekta moja na mchungaji mwenye mbwa wakubwa weupe. Mbwa hao wanalinda kondoo na hawana utani: unashuka, unaweka baiskeli kati yako na wao, unatembea taratibu mpaka mchungaji awaite.

Ukiziacha SS ukaingia barabara ndogo, zile ambazo kibao chake kinaandikwa SP na namba, ndipo unapopata utamu wenyewe. Hizo ni za ngazi ya chini ya mkoa. Zinazunguka mashamba ya ngano na mizeituni, zinapanda bila kuomba ruhusa, na zimepasuka. Kuhusu kupasuka huko nitakaa kidogo, maana ndiko kulikonipeleka Italia.

Vilima vingi vya upande wa Matera ni udongo wa mfinyanzi. Kiangazi unakauka na kufanya nyufa unazoweza kuingiza mkono mpaka kiwiko. Mvua ya vuli ikija, maji yanaingia kwenye nyufa, udongo unavimba, unalainika, na mteremko mzima unaanza kusogea. Pengine unasogea polepole kiasi kwamba mkulima analima juu yake bila kujua, pengine unaondoka usiku mmoja. Mji wa Craco ulianza kuhamwa mwaka 1963 baada ya ardhi kuporomoka, na leo nyumba zake zimesimama juu ya kilima bila watu, mnara katikati. Mahali ambapo mvua imechonga mfinyanzi mpaka ukabaki vigongo vikavu vya rangi ya majivu, wao wanaita calanchi. Nikiwatazama calanchi wale nilikuwa naufikiria udongo mwekundu wa shamba letu, ambao unashika mti wa kahawa na kuvumilia mteremko ule wote, na nikaona tumepewa kitu cha thamani kubwa ambacho tunakiacha kioshwe kwenda ziwani kila masika kwa kulima bila makinga maji. Hilo nitaliandikia siku yake.

Kwa mwendesha baiskeli maana yake ni hii: lami ya kule haikai sawa. Ina mawimbi. Ukingo wa upande wa bonde umezama, na ufa hatari kuliko yote ni ule unaokwenda sambamba na safari yako, kwa sababu tairi jembamba linaingia ndani yake na usukani haukutii tena. Kwenye mteremko macho yangu yalikuwa mita ishirini mbele, si kwenye mandhari. Mandhari niliyatazama nikipanda, ambako muda upo.

Na kupanda kupo kwingi. Miji mingi iko vileleni. Pietrapertosa iko mita 1,088, nyumba zimebanwa kwenye miamba iliyochongoka, na ng'ambo ya korongo unaiona Castelmezzano imebanwa vilevile. Kwa nini watu wajenge juu kiasi hicho, mbali na maji na mashamba? Kukwepa maadui ni sababu moja. Ya pili niliisikia Grottole kwa mzee mmoja aliyenikuta najaza chupa kwenye bomba la maji la mji. (Miji mingi kule ina bomba la hadhara lenye maji baridi. Usinunue maji.)

Aliniuliza natoka wapi, nikamwambia Tanzania, upande wa ziwa, milimani.

"Kwenu watu wanakaa juu au chini?"

"Wengine juu, wengine ziwani kabisa, mzee wangu."

"Na homa?"

Akanieleza kwamba baba yake alikuwa akishuka kuvuna ngano kwenye tambarare, lakini hakulala huko hata usiku mmoja kama angeweza kurudi, hata kwa saa nyingi za kutembea na punda. Malaria ilikuwa ya mabondeni. Serikali yao ilianza mwaka 1900 kuweka utaratibu wa kwinini ya serikali, ikauzwa kwenye maduka ya tumbaku na chumvi ili mkulima wa kawaida aipate kwa bei nafuu. Mwaka 1970 Shirika la Afya Duniani likaitangaza Italia kuwa nchi isiyo na malaria. Mimi natoka mkoa ambao umekuwa miongoni mwa ile yenye malaria nyingi Tanzania, na nimeshalala chini ya chandarua nikitetemeka. Nikabaki namtazama yule mzee aliyekuwa akisimulia ugonjwa wangu kama habari ya zamani ya baba yake. Niliondoka Grottole na nguvu mpya. Kama walioishi juu ya vilima vile kwa kuogopa mbu wameweza kuumaliza, na sisi tutaumaliza.

Sasa mbinu ya kupanda. Sikufundishwa na Mwitaliano, nilifundishwa na watu wanaosukuma baiskeli za mawese kwetu, barabara ya Manyovu. Waangalie siku moja kwa makini. Baiskeli ina madumu mawili au matatu ya lita ishirini yamefungwa kwa vipande vya mpira wa ndani, na mwenyewe hapandi juu, anasukuma. Hatua zake ni fupi, zote sawa. Kabla mwinuko haujaanza ameshashusha pumzi. Kwenye kona hapiti ndani, kwa sababu ndani ya kona ndiko kunakosimama wima; anazunguka nje. Akitaka kupumzika haachi mzigo uanguke: anachomoa kijiti chenye panda, anakitegesha chini ya keria, baiskeli inasimama yenyewe, naye anasimama pembeni akijifuta jasho kwa pindo la shati. Wakati wa kushuka anakanyaga tairi la nyuma kwa soli ya kandambili kusaidia breki. Hapo nisingemshauri mtu amuige, lakini hayo mengine yote niliyachukua kama yalivyo.

Kwa baiskeli ya gia inakuwa hivi: weka gia nyepesi ukiwa bado kwenye tambarare, kabla mlima haujakushika, kwa sababu mnyororo ukibadilishwa chini ya uzito mkubwa unaruka au unakatika. Kibao cha Italia kikikuonyesha asilimia 10, kila mita mia unazokwenda zitakuinua mita kumi. Hapo usisimame kwenye pedali kwa fahari. Kaa kwenye siti, pedali zizunguke haraka lakini kwa wepesi, zunguka nje ya kona kama hakuna gari. Ukiweza kusema sentensi nzima bila kuhema, mwendo wako ni sahihi. Wanaume waliovaa nguo za kubana walinipita pale chini mwa Tricarico, na karibu na kanisa la juu nikawakuta wamekaa.

Msimu mzuri ni Aprili hadi mwanzoni mwa Juni, au Septemba na Oktoba. Julai na Agosti joto linapika. Na kumbuka kwamba mchana, kama saa saba hadi saa kumi au kumi na moja, maduka mengi ya miji midogo yanafungwa na watu wanaingia ndani. Mkate ununue asubuhi.

Nimeishasema barabara zile ni kimya. Lakini ukimya ule una huzuni ndani yake, na sipendi kuwaficha wanaoutamani. Watu wameondoka. Vizazi na vizazi vimekwenda Turin, Milano, Ujerumani, Argentina. Basilicata nzima, mkoa wenye ukubwa wa kilomita za mraba kama 10,000, haifikishi watu 550,000. Unapita kijiji, madirisha yamefungwa mtaa mzima, kwenye roshani moja tu kuna mashada ya pilipili tamu za Senise yanakauka, ndipo unajua nyumba ile ina mtu.

Barabara yetu nayo ni kimya, kwa maana ya injini. Ukishaipita Mwandiga na Probox za abiria zikapungua, unaweza kusikia mnyororo wako. Ila watu hawakosekani. Mama anatoka shambani, anatua jembe, anapiga makofi ya salamu kama sisi Waha tunavyosalimiana: "Mwakeye!" Na mimi kwenye baiskeli siwezi kupiga makofi, basi naachia mkono mmoja naugonga pajani. Wazee wanauliza mtoto wa nani, na nikitaja baba natakiwa nisimame. Watoto wanakimbia nyuma wakinisukuma kweli, kwa mikono, pale pagumu kabla ya Kalinzi. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 2,470,967 mkoani Kigoma, na ukipanda siku ya gulio utasema nusu yao wako barabarani. Mimi nikipewa kuchagua pa kupanda mlima kwa maisha yangu yote, nachagua hapa.

Ndiyo maana nataka watu waje. Kutoka Mwandiga hadi Manyovu, mpakani na Burundi, ni lami ya kilomita 60 hivi. Nenda siku moja, lala Manyovu, rudi kesho yake, maana kwa ujumla kurudi ni kushuka na usingependa kushuka umechoka. Anza saa kumi na mbili asubuhi kabla jua halijakaza. Kabla ya siku hiyo mwambie fundi akukague breki zote mbili na raba zake, na kama baiskeli yako ina gia, aweke nyuma gia yenye meno mengi kadiri inavyopatikana. Kalinzi simama unywe kahawa, ndizi zipo kandokando. Magari yanayoshuka kutoka mpakani yanakuja kwa kasi, kwa hiyo vaa nguo inayoonekana na ukisikia honi toka kabisa kwenye lami. Viraka, gundi na pampu beba vyako. Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao naondoka mimi na binamu zangu wawili, tutakutana njiapanda ya Mwandiga, na mwenye baiskeli ya keria asiogope kuja nayo.