Jioni niliyoenda kuangalia Un condé na kaka wa Bukavu

Ilikuwa Mei 2022, nasoma Paris, na mwezi mmoja nyuma, yaani Aprili, alikuwa amefariki Michel Bouquet, muigizaji mkongwe wa Ufaransa, akiwa na miaka 96. Pale mtaa wa Champollion karibu na Sorbonne kuna sinema ndogo tatu zimepangana zinazopenda kuonyesha muvi za zamani, na mojawapo ilibandika tangazo la Un condé ya mwaka 1970, Bouquet akiwa polisi. Nikampigia kaka, nikamwambia leo twende.

Huyu kaka si wa damu, ni Mkongo wa Bukavu, amenizidi kama miaka kumi na tano hivi, tulijuana Château Rouge, mtaa wa Paris wenye maduka mengi ya Waafrika, kwenye duka la kisamvu na samaki wakavu baada ya kunisikia naongea Kiswahili kwenye simu. Analinda jengo usiku, kwa hiyo jioni yake ndo asubuhi yake. Mi namwita kaka, yeye ananiita mudogo yangu, na Kiswahili chake na changu vinapishana lakini tunaelewana vizuri tu.

Lazima niseme nilikwenda na akili gani. Mi nimekulia Morogoro kwenye vibanda umiza, benchi la mbao, tivii juu ya kabati, watu themanini chumba kimoja, na muvi ya polisi kule ina sheria zake, stelingi anauliwa rafiki yake mwanzoni, halafu stelingi anatafuta mmoja baada ya mwingine, na kila akimpata mtu kibanda kizima kinapiga kelele piga huyo, piga tena! Sisi watoto tulikuwa tunajua kabisa rafiki wa stelingi lazima afe, akionyesha tu picha ya mchumba wake tunasema huyu kwisha habari yake. Nilipenda sana muvi hizo na bado nazipenda. Sasa Un condé ukisimuliwa kwa maneno ni hiyohiyo, inspekta Favenin, rafiki yake na mwenzake kazini Barnero anauawa na majambazi, Favenin anaamua kulipiza, sheria anaiweka pembeni. Nilikaa kwenye kiti nikisubiri kufurahi.

Kabla haijaanza dada mmoja wa pale alisimama mbele akaeleza kidogo. Kwamba muvi imetoka kwenye riwaya ya Pierre Lesou, kwamba Yves Boisset alikuwa bado kijana alipoiongoza, na kwamba waziri wa mambo ya ndani wa wakati ule, Raymond Marcellin, alipigana isionyeshwe kwa sababu inawachafua polisi. Ikacheleweshwa, na ile sehemu ya kumhoji mtuhumiwa ikabidi ifanyiwe marekebisho ndo ikapita. Ukumbuke Marcellin aliingia wizarani Mei 1968, mtaani palepale mawe na mabomu ya machozi vikirushwa kati ya wanafunzi na polisi, kwa hiyo suala la polisi kupiga watu halikuwa hadithi kwa mtu yeyote aliyenunua tiketi mwaka 1970.

Taa zikazimwa. Bouquet sio mtu wa misuli, ni mtu mfupi, midomo myembamba, sauti ya chini, ukimkuta barabarani utasema karani wa posta. Na hapo ndo penye kutisha. Hapandishi sauti. Anapiga kama mtu anayejaza fomu, halafu anauliza swali tena kwa sauti ileile, na hakuna muziki wa kukuambia sasa shangilia. Unamwona ana uchungu wa rafiki yake, uchungu wa kweli kabisa, huwezi kumkatalia, lakini kadiri anavyoendelea uchungu unapotea anabaki yeye na mikono yake tu, na anaowaonea sio hata wakubwa wa majambazi, ni watu wadogo wanaojua jina moja au anwani moja.

Ilipofika sehemu ya kumhoji yule mtuhumiwa, nikasikia kitu kinagonga kiti. Kaka alikuwa amevua miwani. Bila miwani kaka haoni mbali, namjua, hata kibao cha metro hasomi. Akaishika mapajani, vidole vimeifunika vioo, akakaa hivyo ameelekeza uso kwenye skrini mpaka sehemu ile ikaisha, halafu akaifuta na shati akavaa. Hakusema kitu na mi sikumuuliza, ila kuanzia hapo sikuweza tena kusubiri kufurahi, nikawa nasikiliza pumzi za mtu wa pembeni yangu kuliko maneno ya kwenye muvi.

Tulitoka bado kweupe, Mei kule jua linazama karibu saa tatu usiku. Tukashuka boulevard Saint-Michel mpaka kwenye chemchemi, palepale ambapo siku chache nyuma vyama vya polisi vilikusanyika kulalamika kwa sababu mwenzao mmoja alikuwa ameshtakiwa. Usiku wa uchaguzi wa rais, Aprili 24, huyo polisi alifyatulia gari risasi Pont Neuf, watu wawili wakafa. Pont Neuf unaiona kabisa ukisimama daraja la Saint-Michel, ndo daraja linalofuata. Na katikati ya madaraja hayo mawili, ng'ambo ya maji, ndo quai des Orfèvres, namba 36, makao ya wapelelezi wa Paris kwa zaidi ya miaka mia mpaka walipohama 2017. Yaani tulikuwa tumetoka kwenye muvi tukaingia mtaani kwake.

Pale daraja la Saint-Michel kuna kibao, kiliwekwa Oktoba 17, 2001, cha kuwakumbuka Waalgeria waliouawa na polisi Oktoba 17, 1961. Walikuwa wameandamana kwa amani kupinga amri ya kutotoka usiku waliyowekewa wao peke yao. Zaidi ya watu 11,000 walikamatwa usiku ule, wengine walipigwa wakatupwa mto Seine, serikali ikakiri vifo vichache tu, wanahistoria wanataja makumi na wengine wanafika mamia. Hii nilikuwa nimeisoma darasani. Nikamwambia kaka kitu kilichonishika zaidi kwenye kusoma kule, kwamba wiki mbili kabla, kwenye mazishi ya polisi aliyeuawa na watu wa FLN, chama cha Waalgeria kilichokuwa kinapigania uhuru kutoka kwa Wafaransa, mkuu wa polisi Maurice Papon aliwaambia askari wake kwamba kwa pigo moja watarudisha kumi. Kumi! Ni Favenin yuleyule, mwenzangu kafa basi mtu yeyote alipe, ila safari hii sio inspekta mmoja anayejificha kwa bosi wake, ni bosi mwenyewe anayetoa ruhusa, na waliolipa ni watu waliokuwa wametoka Nanterre, nje kidogo ya Paris, kwenye mvua wamevaa nguo zao nzuri za Jumapili.

Kaka akaniambia kwao iliwahi kutokea usiku mmoja mtu mwenye sare aliuawa mtaani, kesho yake wenzake wakaja wakabeba vijana waliowakuta barabarani, mdogo wake akiwemo. Alirudi baada ya siku kadhaa. Hakuwahi kusimulia. Kaka anajua kilichofanyika kwa sababu yeye ndo alimwogesha.

Nikataka kuitetea muvi, maana niliipenda na niliona ndo muvi ya kwanza ya kisasi iliyosema ukweli. Nikamwambia kaka, ona lakini, huyu Boisset hakumfanya shujaa. Akasema ndiyo, lakini tunajua Favenin anamlilia nani, jina tunalijua, Barnero, na yule aliyepigwa anaitwa nani? Nikajaribu kukumbuka, nimetoka kumwona saa moja iliyopita, jina haliji. Halafu akasema hivi, nanukuu kama nilivyokisikia, "Mudogo yangu, mu ile filme bantu banakufa, masasi inalia, minisitri haikumuumiza. Iliyomuumiza ni pale banapiga ule muntu. Juu ya nini? Juu ile ni ya kweli."

Nikasema basi Boisset alipiga penyewe. Akasema amepiga penyewe, kazi nzuri, ila yeye hawezi kuiangalia tena, mie nikitaka nirudi na wengine. Tukaagana kwenye ngazi za treni ya RER, akawahi zamu yake.

Nilirudi wiki ileile peke yangu. Sehemu ya mahojiano ilipofika nikaacha kumwangalia Bouquet, na aisee ni kazi ngumu kwa sababu yule mtu alikuwa anajua kuigiza, jicho linamfuata lenyewe. Nikamwangalia anayepigwa tangu anaingia chumbani mpaka anatolewa, na jina lake wakilitaja nikaliandika nyuma ya tiketi, halafu nikamtumia kaka kwenye simu kabla muvi haijaisha.