Kusoma ripoti ya Plasencia ya 1589: mtumwa yupi?

Juan de Plasencia, padri wa Kifransisko, aliandika kuhusu desturi za Watagalog wa Luzon, Ufilipino, mwaka 1589. Hakuwa akijifurahisha: wakuu wa Kihispania walihitaji kanuni za kuamulia kesi za wenyeji. Anayeisoma leo alikumbuke hilo kwanza.

Penye neno "mtumwa", simama. Plasencia anataja aina mbili za alipin, neno la Kitagalog linalotafsiriwa "mtumwa". Namamahay ana nyumba yake, shamba lake na mali yake. Humpa bwana wake sehemu ya mavuno, nusu kwa mfano, kadiri walivyokubaliana, lakini hauzwi. Sagigilid humtumikia bwana nyumbani kwake, naye anaweza kuuzwa. Wahispania waliwatia wote kapu moja, na Plasencia mwenyewe analalamika kwamba wenyeji waliutumia mkanganyiko huo kuwachukua watoto wa namamahay kana kwamba ni sagigilid.

Watoto wa mzazi huru na mzazi alipin waligawanywa kwa zamu: wa kwanza, wa tatu na wa tano hufuata hadhi ya baba, wa pili, wa nne na wa sita ya mama. Akiwa mmoja tu, ni nusu huru, nusu alipin. Hesabu safi mno kwa maisha ya watu, nadhani.

Kosa la kawaida ni kuichanganya ripoti ya Plasencia na ripoti ya Miguel de Loarca ya 1582. Loarca anaeleza Visayas pia, visiwa vya kati vya Ufilipino, na huko ngazi za utumwa zilikuwa tatu, zenye majina mengine kabisa.