Hodi ya Namba Nne

Mwaka 2002 shangazi yangu alikuwa na duka la stesheneri Ngamiani, na kompyuta moja kuukuu aliyopokelea watu barua pepe kwa laini ya simu. Kila modemu, kile kifaa cha kuunganisha kompyuta na laini ya simu, ilipoanza kulia, kipanya kiliganda. Mimi, fundi wa kujifundisha mwenyewe, nikamwambia bila haya: laini mbovu, chumvi ya bahari imekula waya. Tanga hilo hakuna wa kulibisha. Chumvi yetu hula hata geti. Akaitwa fundi wa simu, akalipwa elfu tano, akapima, akasema laini nzima.

Aibu ile ndiyo iliyonikesha. Nilikuwa na sidii ya Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, niliyopewa na rafiki, nikaiweka kwenye diski ya pili. Yenyewe haikugandisha kitu. Ilikataa tu kuifungua modemu, ikasema kifaa kinatumika. Windows iliwaacha wagombane. Hii ikasema hapana mapema. Nikauona huo ni uungwana.

Nikasoma faili la /proc/interrupts, ambamo Linux huorodhesha hodi za vifaa, na hapo ndipo nilipoelewa. Kifaa kikitaka kusikilizwa hupigia prosesa, ubongo wa kompyuta, hodi, na hodi ina namba, ili kerneli, kiini cha Linux, ijue imwamshe draiva gani, yaani programu ya kukiendesha kifaa hicho. Kompyuta kuukuu kama ile ilikuwa na namba 16 tu, 0 mpaka 15, kutoka chipu mbili za 8259, na namba 2 iliishia kuunganisha chipu moja na mwenzake. Saa ya ndani ya kompyuta ilikuwa na 0, kibodi 1, flopi 6, printa 7, diski 14 na 15. Kipanya chetu kilikuwa COM1, mlango wa kwanza wa kuunganishia vifaa, namba 4. Modemu ilikuwa COM3. Nayo, kwa desturi ya zamani ya PC, namba 4! Kwenye zile nafasi za kuchomekea kadi za mtindo wa zamani, ISA, namba haikuwa ya kushirikiana: wawili wakibisha mlango mmoja, hodi ya mmoja hupotea.

Nikafungua kasha nihamishe jampa ya modemu, kile kipini cha kuchagulia namba, iende 5. Kumbe 5 ina kadi ya sauti, na kadi ya sauti ndiyo taarabu ya shangazi. Hiyo sikuigusa, ningefukuzwa. Nikaifunga COM2 kwenye BIOS, programu ya mipangilio inayoamka kwanza kompyuta ikiwashwa, maana haikuwa na kazi, nikapata namba yake, 3, nikaihamishia modemu. Kerneli bado iliamini modemu iko 4, nikaiambia kwamba COM3, ambayo Linux huiita ttyS2, sasa hubisha hodi 3: setserial /dev/ttyS2 irq 3.

Asubuhi nikapiga simu mbele yake. Modemu ikalia, kipanya kikatembea, taarabu haikukatika. Nikamwonyesha hesabu ya namba 3 ikipanda kila nilipolisoma tena lile faili, nikitaraji nisifiwe.

Akaiangalia, akarudi kwenye daftari lake la mauzo.

"Vyema, mwanangu. Na ile elfu tano ya fundi wa simu?"