Yule mama aliyepangiwa wiki sita

Juzi kwenye raundi daktari mtarajali aliniuliza: "Dokta, mgonjwa wa dirishani alitolewa mawe ya nyongo jana kwa endoskopi, ule mpira wenye kamera, manjano yanashuka. Tumpe kliniki ya mwezi ujao?" Nikamwambia aingizwe kwenye orodha ya thieta ya keshokutwa, atolewe mfuko wa nyongo. Nilikuwa namfikiria yule mama wa vitenge.

Alikuja na macho ya manjano, mkojo umekolea, mwili unamuwasha. Ultrasaundi ikaonyesha mrija mkuu wa nyongo umefikia milimita 11, na kawaida ni 6 hivi. Endoskopi ikapitishwa mdomoni, mlango wa mrija ukachanwa kidogo, puto likaburuta mawe mawili hadi utumboni. Macho yakatakata, akaruhusiwa, arudi baada ya wiki sita kutolewa mfuko wa nyongo. Enzi hizo tulisema uvimbe upoe kwanza.

Lakini mlango ukishachanwa, bakteria wa utumbo hupanda kwenye mrija, na mfuko wenye vijiwe bado upo, unaendelea kuviteremsha. Mama akarudi usiku, kabla ya tarehe yake, ana homa na maumivu chini ya mbavu za kulia. Tukaanza antibayotiki, kisha thieta.

Matundu manne tumboni, gesi ya kaboni dayoksaidi ya kulitunisha, kwa shinikizo la milimita 12 za zebaki. Msaidizi akashika kichwa cha mfuko, akakisukuma kuelekea bega la kulia. Ukiwahi, pembetatu ya Calot, yaani pale kati ya mrija wa mfuko, mrija mkuu na ini, mara nyingi ina mafuta laini yaliyovimba maji, yanaachia kwa kuguswa tu na ncha ya ndoano. Hapa palikuwa na kovu jeupe, gumu kama ngozi ya ngoma. Klipu, vibanio vya kufungia kabla ya kukata, haziwekwi mpaka uone vitu viwili tu vinaingia kwenye mfuko, yaani mrija wake na ateri yake, na theluthi ya chini ya mfuko iwe imebanduliwa kwenye ini. Mimi niliona utepe mmoja mpana. Mrija wa mfuko ulikuwa umevutwa, umelala ubavuni mwa ule mkuu, na ukikata hapo unakata mrija mkuu.

"Dokta, klipu?"

"Bado, Sista."

Hatukugusa tena pembetatu. Tulifungua mfuko kwa juu, tukachota vijiwe, tukaacha kipande cha shingo na kukishona kwa ndani, tukaweka mpira wa kutolea majimaji. Mpira ulitoa nyongo siku kadhaa, kisha ukakauka.

Utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2010 ulilinganisha upasuaji ndani ya saa 72 baada ya endoskopi na ule wa wiki 6 hadi 8. Waliosubiri, asilimia 36 walipata tena matatizo ya nyongo. Waliowahishwa, asilimia 2. Mwongozo wa Ulaya unataka isizidi wiki mbili. Anayesubiri kwa haki ni mwenye kongosho lililoumia vibaya, au ambaye sumu ya maambukizi haijatoka mwilini.

Hata hivyo siwezi kuapa kwamba kovu la mama yule lilitokana na zile wiki sita. Alikuwa ameugulia tumbo miaka mingi akinywa dawa za vidonda, na huenda hata siku ya tatu ningelikuta. Ila ile homa ya usiku, naamini tungemwepusha nayo.