Nilivyomvusha Mama hadi Ukerewe kwa Gari la Chini

Mama yangu alizaliwa Murutunguru, kisiwani Ukerewe katika Ziwa Victoria, na mwaka huu aliamua kwamba msimu wa mihogo lazima umkute kwao. Tatizo lilikuwa maji. Tangu Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka kikiwa kimebakiza mwendo mfupi tu kufika gati la Bwisya katika kisiwa jirani cha Ukara, na kuua watu zaidi ya 220, wakiwamo wawili aliosali nao jumuiya moja ujanani, mama hataki kusikia habari ya kukaa ziwani saa nyingi. Aidha, goti lake la kulia halimruhusu kupanda na kushuka ngazi, wala kubanana kwenye basi. Ilinibidi nimpeleke kwa gari langu, nalo ni gari dogo la chini, la aina ile ambayo kila tuta la barabarani hulisalimia tumbo.

Nilipoanza kuuliza njia, nilipewa ushauri mwingi kuliko nilioomba, na karibu wote ulikuwa mbovu. Shemeji yangu aliniapia kwamba hakuna haja ya kuzunguka, kwa sababu kutoka Mwanza hadi Nansio, mji mkuu wa Ukerewe, kwa maji ni kama kilomita hamsini tu, zipo meli zinazobeba magari, na kinachotakiwa ni kufika bandarini mapema na kujipanga. Rafiki mmoja alisema gari la chini haliwezi kabisa kuingia kisiwani, nisijisumbue. Mwingine alinishauri nikifika kivukoni niwakabidhi vijana funguo wanipandishie gari wenyewe. Huyo sitamwuliza tena jambo lolote linalohusu magari.

Kwa bahati mbaya nilimsikiliza shemeji. Mama alikubali kwa shingo upande, na Ijumaa moja saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa bandarini, gari limejaa: cherehani ya kukanyaga ya mama, gunia la mchele, magodoro mawili yaliyofungwa kwa kamba juu, na ndoo tatu zenye vitu ambavyo sikuruhusiwa kuuliza ni nini. Mbele yetu yalikuwapo magari manne. Nilihesabu nikaridhika, nikidhani manne ni machache. Sikujua kwamba nafasi ya magari huwekwa siku moja au mbili kabla, na kwamba gari lenye mzigo wa biashara hutangulizwa. Saa mbili lilifika lori la saruji, likapita pembeni yetu kama vile sisi ni sehemu ya ukuta. Saa tatu yakaja makreti ya soda yakamaliza eneo lililobaki. Kijana mmoja ambaye hakuwa na sare wala kitambulisho alinijia akasema kwamba kwa elfu thelathini angeweza kuzungumza na watu wake. Nilimwuliza watu wake ni kina nani, na badala ya kunijibu akahamia kwa dereva aliyekuwa nyuma yangu, ambaye alitoa fedha hizo na hakumwona tena kijana huyo hadi meli ilipong'oa nanga.

Kilichoniuma zaidi ni kumwona mama amekaa juu ya ndoo kwenye jua, mkono umeshika goti, akiitazama meli ikiondoka. Hakunilaumu. Alisema tu, "Mwanangu, zamani baba yenu alikuwa akituzungusha Bunda. Njia ile haijahama." Maneno hayo ndiyo yaliyonifungua akili, maana katika ushauri wote niliopewa, hakuna aliyetaja Bunda isipokuwa yeye, na yeye sikuwa nimemwuliza.

Njia yenyewe ni hii. Badala ya kuikata Ghuba ya Speke kwa meli, unaizunguka kwa barabara: unatoka Mwanza kwa barabara kuu ya Musoma, unapita Kisesa, Nyanguge, Magu na Lamadi hadi Bunda mjini, kisha unapinda kushoto kurudi upande wa ziwa kupitia Bulamba na Kibara hadi Kisorya. Hapo rasi inaishia, na kati yake na Rugezi, upande wa Ukerewe, umebaki mkono mwembamba wa ziwa unaovukwa kwa kivuko cha Serikali. Ni safari ya zaidi ya kilomita 200 barabarani kwa ajili ya kufika mahali ambapo ukiwa Mwanza unapaona kama papo hapo, lakini karibu yote unaiendesha mwenyewe, unasimama unapotaka, na mtu mwenye hofu ya maji anayavumilia maji kwa muda mfupi tu.

Jumatatu iliyofuata tuliondoka saa kumi na moja alfajiri. Kuhusu barabara sina mengi ya kusema, ila kwamba kila kijiji kina kibao cha kilomita 50 kwa saa na wenye kuhakikisha unakiheshimu, kwa hiyo anayepanga kufika Bunda kwa saa mbili ajiandae kulipa faini. Karibu na Ndabaka, ambapo pembe ya magharibi ya Serengeti inafika hadi kando ya barabara, nyani walikuwa wamekaa katikati ya lami, na mama akaniamuru nifunge vioo kwa sababu ya ndizi zake. Bunda tulikunywa supu, tukajaza mafuta. Kwenda tu mafuta yalinigharimu kama elfu themanini, labda na kitu kidogo juu yake, sikutunza risiti.

Sasa nieleze jambo lililoniwezesha, na ambalo ninajivunia kwa dhati: mbao zangu mbili.

Miaka kadhaa iliyopita, kabla ya daraja la kilomita 3 la Kigongo hadi Busisi kufunguliwa Juni 2025, nilikuwa nikivuka pale kwa pantoni kwenda Sengerema kikazi. Siku moja bampa ya mbele ya gari hili hili ilikwaruza mlango wa pantoni, ikang'oka upande mmoja mbele ya abiria wote. Dereva mmoja wa lori, mzee mwenye subira, alinisaidia kuifunga kwa waya, kisha akanieleza kosa langu. Mlango wa kivuko ukishushwa hulala kwenye gati kwa pembe, na pembe hiyo hubadilika kila maji yanapopanda au kushuka. Gari refu kwenda juu halijali. Gari la chini linagota mara mbili: mara ya kwanza pua inapokutana na mteremko au mpando, mara ya pili mkia unapoburuzwa magurudumu ya mbele yakiwa yameshapanda. Dawa yake, alisema mzee yule, ni kuipunguza ile pembe kabla gurudumu halijaifikia.

Nilikwenda kwa fundi seremala nikanunua mbao mbili za inchi mbili kwa nane, kila moja yenye urefu wa mita moja na nusu hivi. Nilimwomba azichonge ncha zote mbili ziwe na mteremko, ili gurudumu lipande bila kushtuka. Juu yake nilipigilia vipande vya tairi kuukuu ili zisiteleze zikilowa. Jaribio la kwanza, pale pale Busisi, halikufanikiwa: gurudumu la mbele lilipopanda, ubao mmoja ulirushwa nyuma ukapiga chini ya gari kwa kishindo kilichowafanya watu wakimbie. Nikajifunza kwamba ubao lazima uchimbiwe kidogo au uzuiwe kwa jiwe nyuma yake. Jambo la pili nililoongeza ni kamba. Kila ubao nilitoboa tundu nikafunga kamba ya katani ya mita tatu, kwa sababu ukishapanda kivukoni mbao zako zimebaki nchi kavu, mabaharia wana haraka ya kuinua mlango, na hakuna atakayekusubiri ushuke kuzifuata. Ukiwa na kamba, mtu aliye ndani anazivuta tu zikamfuata.

Tulifika Kisorya saa nne na robo. Kivuko kilikuwa upande wa Rugezi, foleni ilikuwa fupi, na nilipata muda wa kutembea hadi mwisho wa gati kulitazama lenyewe, jambo ambalo ningemshauri kila mwenye gari la chini alifanye kabla ya kununua tiketi. Maji yalikuwa yameila sehemu ya udongo, na pale mlango ulipokuwa ukilala palikuwa na shimo la matope lenye kina cha kiganja kilichosimama. Kwa gari langu, shimo lile lilitosha kuniachia bampa Kisorya.

Vijana watatu walinijia wakitaka funguo. Niliwashukuru nikawaambia funguo zinabaki kwangu, ila kazi ninayo. Kivuko kilipofika, niliwapa elfu mbili mbili wabebe cherehani, gunia na ndoo hadi ndani ya kivuko, kwa sababu mzigo ukiwa kwenye buti mkia hushuka, na mkia ukishuka mbao hazikusaidii. Mama alishuka akatangulia kwa miguu taratibu, amemshika mkono kijana mmojawapo aliyemwita bibi na kumtafutia mahali pa kukaa pasipo na upepo. Mimi nikalitazama shimo, nikalijaza mawe bapa manne, nikalaza mbao juu yake zikiwa zimeegemea mlango, nikaweka jiwe nyuma ya kila ubao.

Kisha nikaingia kwa mshazari kidogo, si moja kwa moja, ili gurudumu la kushoto litangulie na la kulia lifuate, kwa gia namba moja, bila kukanyaga klachi katikati ya safari na bila kuongeza mafuta kwa pupa. Gurudumu la kwanza lilipanda. La pili likapanda. Nikasikia mlango ukilia chini yangu, sauti ya chuma kwa mpira tu, hakuna mkwaruzo. Nilipofikisha mkia juu ya mbao nilisimama moyoni, ingawa gari halikusimama, na likapita safi. Kijana aliyeshika kamba alizivuta mbao zote mbili kabla baharia hajamaliza kupiga kelele ya kufunga mlango. Dereva wa gari kubwa linalovutwa na magurudumu yote manne, aliyekuwa nyuma yangu, alishuka akaja kuzikagua, akaniuliza nimezinunua duka gani.

Ndani ya kivuko nilivuta breki ya mkono, nikaliacha gari katika gia, nikaweka jiwe mbele na nyuma ya gurudumu moja, nikatoka nje. Sikubali mtu wangu yeyote akae ndani ya gari wakati wa kuvuka, hata maji yakiwa kama kioo, na jaketi okozi ninalichukua mwenyewe kabla ya kutafuta kiti. Asubuhi ile ziwa lilikuwa limetulia. Upepo wa mchana ulikuwa haujaanza, nayo ndiyo sababu nyingine ya kutoka nyumbani alfajiri. Mama alitoa rozari yake. Nilimtazama midomo yake ikienda, na kabla hajamaliza fumbo la tano kivuko kilikuwa kimeshapunguza mwendo kukaribia Rugezi. Alinyanyua uso akauliza kama tumesimama kwa sababu ya hitilafu. Nilipomwambia kwamba tumefika, alikaa kimya kidogo, kisha akamalizia sala zake zilizobaki kwa sauti, bila haraka.

Kushuka kulikuwa rahisi zaidi, ingawa mbao nilizitumia tena. Kutoka pale hadi Murutunguru tulikwenda polepole, tukipishana na baiskeli zilizobeba machungwa na mananasi, mama akinionyesha mashamba ya watu kwa majina yao ya utotoni. Saa saba mchana alikuwa amekaa kwenye kigoda chini ya mwembe wa kaka yake, miguu ameinyoosha, anakula sato kwa ugali wa muhogo.

Nilirudi peke yangu siku ya tatu. Nilijitahidi kufika Rugezi asubuhi, maana anayefika jioni anaweza kulala akilitazama ziwa. Mbele yangu palikuwa na mwalimu mmoja mwenye gari la chini kuliko langu, ambaye kwa miaka miwili alikuwa akiliegesha Rugezi kwa mtu na kuvuka kwa miguu. Nilimwazima mbao, nikamshikia kamba mwenyewe. Alipovuka salama aliomba vipimo, nikamwandikia nyuma ya tiketi yangu: mbili kwa nane, mita moja na nusu, ncha mbili zichongwe, tairi juu, tundu la kamba upande wa nyuma.

Wiki iliyopita mama alipiga simu. Mihogo imekwisha kuvunwa na anataka nimfuate mwishoni mwa mwezi. Hakuuliza habari za meli.